Mjadala: Mazingira ndani ya serikali ya jiji yasimamiwe na nani, afisa mazingira au mweka hazina?

Ndugu wanamjadala, naanza na msimamo wangu ili kusiwe na kuzungushana. Kazi ya kupunguza uchafuzi unaotokana na shughuli za serikali ya jiji yenyewe iondolewe idara ya mazingira, akabidhiwe mweka hazina. Najua hoja hii itawaudhi watu ninaowaheshimu, wengine wao wamepigania miaka mingi hadi idara hizo zikaanzishwa. Nawaomba mnisikilize kwanza.

Serikali ya jiji ni mlaji mkubwa. Ina ofisi, shule, zahanati, masoko, malori ya taka, taa za barabarani, na mara nyingi pampu za maji na mitambo ya majitaka. Kila kimoja kina ankara yake, na kila ankara ina idara inayoilipa. Idara ya mazingira hailipi karibu yoyote kati ya hizo. Inaandika mkakati, inaomba takwimu kwa wenzake, inasubiri. Mhandisi wa barabara akiagiza taa zilezile zinazokula umeme kwa kuwa bei ya kununulia iko chini, afisa mazingira atamwandikia barua tu.

Oslo, mji mkuu wa Norway, waliliona tatizo hili. Mwaka 2016 walitayarisha bajeti yao ya kwanza ya hewa ukaa, yaani ukomo wa hewa hiyo ambayo jiji linaweza kutoa kwa mwaka, ya mwaka 2017, wakaiingiza ndani ya bajeti ya fedha ya jiji. Kila hatua ina idara inayowajibika, na taarifa ya utekelezaji inakwenda sambamba na taarifa ya matumizi. Aliyezembea anaonekana kwenye vitabu vilevile anavyoombea fedha za mwaka unaofuata. Hapo ndipo wakuu wa idara huamka.

Los Angeles, Marekani, nao, kuanzia mwaka 2009, walibadilisha taa za barabarani zaidi ya 140,000 kuwa za LED, zinazotumia umeme kidogo. Matumizi ya umeme wa taa hizo yakapungua kwa zaidi ya nusu, na mkopo uliogharimia kazi ukarejeshwa kwa fedha zilizookolewa kwenye umeme na matengenezo. Ule ulikuwa mpango wa kifedha tangu mwanzo, na hewa ikanufaika.

Kuna wanaosema hayo ni ya miji tajiri. Basi tuitazame Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia. Mwaka 1993, nchi hiyo ikiwa ndiyo kwanza inatoka vitani, asilimia 72 ya maji yaliyosafishwa na mamlaka ya maji ya jiji hilo hayakuingiza mapato: yalivuja, yaliibwa, au hayakulipiwa. Ek Sonn Chan alipopewa uongozi wa mamlaka hiyo akafunga mita, akabadilisha mabomba, akawatoza wakubwa waliozoea kunywa bure. Upotevu ukashuka hadi takriban asilimia 6. Kila lita inayopotea njiani imekwisha kula dawa na umeme wa kuisukuma, kwa hiyo kuziba bomba ni kuokoa vyote viwili. Mimi nauhesabu huo kuwa mradi wa mazingira ulio bora kuliko upandaji miti mwingi wa siku za maadhimisho.

Sasa nijibu pingamizi. La kwanza ni kwamba shughuli za serikali ya jiji ni sehemu ndogo tu ya uchafuzi wa jiji zima. Ni kweli, wala silipingi. Lakini jiji linalotunga sheria ndogo za taka na kumtoza mwenye duka faini, huku malori yake yakifuka moshi na dampo lake likiungua, halina uso wa kumdai mtu utii.

La pili ni zito zaidi, na nakiri limenifikirisha sana. Mweka hazina huhesabu mwaka mmoja. Sheria za zabuni humsukuma kwenye bei ya chini. Kinamasi kinachonyonya mafuriko hakina ankara, kivuli cha mti hakina risiti. Kwenye vitabu vyake vyote viwili ni sifuri. Mkimpa rungu bila kubadilisha kanuni, atauza kinamasi na kujisifu kwa mapato.

Kwa hiyo kanuni zibadilike naye akipewa kazi. Zabuni zipimwe kwa gharama ya kifaa tangu kinaponunuliwa, mafuta na matengenezo yake, hadi kinapotupwa. Idara inayookoa umeme ibakishiwe sehemu ya akiba hiyo. Ikichukuliwa yote kwenda mfuko mkuu, hakuna mkuu wa shule atakayehangaika kuzima taa. Na vile visivyo na ankara, yaani vinamasi, mito na miti mikubwa, vilindwe kwa sheria, idara ya mazingira ikiwa mlinzi wake na mkaguzi wa mahesabu ya kijani ya mweka hazina. Hapo ina kazi yenye meno.

Tena tujihadhari na malengo yanayotegemea mlango wa mtu mwingine. Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, iliazimia mwaka 2012 kuwa jiji lisiloongeza hewa ukaa angani ifikapo 2025. Mwaka 2022 ikatangaza kuwa haitafika, kwa kuwa mtambo wa kunasa hewa ukaa kwenye kiwanda cha kuchoma taka haukupata fedha za serikali kuu. Hata Shenzhen ya China, iliyokamilisha kubadilisha mabasi yake yote, zaidi ya 16,000, kuwa ya umeme mwishoni mwa 2017, ilibebwa sana na ruzuku. Nawapongeza. Ila jiji lisilo na ruzuku hiyo lisikae kuyangoja mabasi wakati maji yake yanavuja.

Wanaonipinga, naomba mnijibu hili moja: mkuu wa idara akivuka kiwango chake cha mafuta au umeme katikati ya mwaka, afisa mazingira wenu atakuwa na mamlaka gani ya kumzuia kesho yake asubuhi? Mkinionyesha njia isiyopitia hazina, nitaiondoa hoja yangu.