Mliosoma, mliofanya kazi au mlioishi na Wafilipino miaka hiyo: tupeane uzoefu

Mkulima wa Bondeni

Wakuu, habari za jioni.

Juzi nilitumwa dukani kwa Mangi nikachukue mafuta ya kupima. Nimesimama dirishani namwangalia anavyoyamimina kwenye kimfuko cha nailoni, anakisokota, anakipiga fundo. Akanipa, na mimi bila kufikiri nikamjibu "salamat po", yaani asante kwa Kitagalog. Mangi kanitolea macho. Nikachukua mafuta yangu nikajiondokea.

Ni hivi: kuanzia 1984 mpaka 1986 nilikuwa Los Baños, Ufilipino, nasomea kilimo cha mpunga. Pale ndipo ilipo IRRI, taasisi ya utafiti wa mpunga iliyoanzishwa 1960, wenyewe wa ile mbegu ya IR8 ya 1966 iliyotikisa kilimo cha Asia. Nilifuata mpunga, lakini miaka arobaini baadaye kinachonijia usingizini ni kiduka cha jirani.

Wanakiita sari-sari. Ni dirisha la nyumba ya mtu lenye wavu wa chuma, na shimo dogo la kupitisha mkono. Unaita "pabili po!", anatoka mama na kanga yake ya kule. Anakuuzia sigara moja, punje tatu za kitunguu saumu, siki ya robo kikombe. Kununua hivyo wanakuita tingi. Sisi tunasema kupima, na aliyekulia uswahilini hahitaji kufundishwa. Ukitaka soda ukaondoke nayo, anaimimina kwenye nailoni yenye barafu, anatia mrija, chupa yake inabaki. Pembeni kuna vitabu vya katuni vimeanikwa kwenye kamba kama samaki. Hununui, unakodi, unasoma palepale kwenye benchi, unarudisha, unakodi kingine.

Usafiri ulikuwa jipni. Asili yake ni magari ya jeshi la Marekani yaliyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili. Wakayarefusha mkia, wakayapaka rangi zote walizokuwa nazo, wakayapachika farasi wa bati na picha za watakatifu. Konda hakuna. Dereva anaendesha, anapokea nauli, anarudisha chenji, noti kazibana katikati ya vidole. Wewe uliyekaa nyuma kabisa unasema "bayad po", pesa inapita mkono kwa mkono mpaka mbele, na chenji inarudi kwa njia ileile. Haipungui! Mwezi wa kwanza nilikuwa naisindikiza kwa macho. Na maandishi ya humo ndani yangeshindana na ya daladala zetu: kuna kibao kimoja maarufu kinachomtaja Yuda, kwamba Mungu anawajua wasiolipa.

Ila kilichonimaliza ni wajukuu wa mama mwenye nyumba. Jioni moja nimerudi, wakanijia mmoja mmoja, wakanishika mkono na kuugusisha kwenye paji la uso wao, "mano po". Ndiyo shikamoo yao hiyo. Nilikuwa na miaka 29. Nikaenda kujitazama kwenye kioo.

Haya, mlango nimeufungua. Mliosoma kule, mliokuwa nao melini, Uarabuni, popote. Ya zamani tu, ya juzijuzi hatuyataki.

Kijana wa Mabibo

Mzee, umesema mpaka 1986. Si ndio mwaka Rais Marcos alioondoshwa? Ulikuwepo? Usitupite hivihivi.

Mkulima wa Bondeni

Nilikuwepo, lakini usinifanye shujaa. Sisi wageni tuliambiwa tusitoke, na Los Baños ni kilomita 60 hivi kutoka Manila. Mapinduzi yale niliyasikia jikoni.

Uchaguzi ulikuwa tarehe 7 Februari. Matokeo yakawa na utata, na jioni ya tarehe 22 Kardinali Sin akasema redioni watu waende barabara ya EDSA kuwalinda wanajeshi walioasi. Redio yenyewe ni Radio Veritas, ya Kanisa. Mama mwenye nyumba aliiweka juu ya kabati la vyombo na hakuizima tena. Usiku ule alichemsha mayai na kupika wali wa kundi zima, asubuhi vijana wake wakaondoka kwa jipni na masufuria, wamefunga vitambaa vya njano. Kesho yake, tarehe 23, askari wakawa wameharibu mtambo wa redio. Sauti ikafifia, kisha kimya. Nakumbuka kile kimya kuliko hotuba yoyote. Baadaye mtangazaji June Keithley akasikika tena kwenye masafa mengine, kutoka mahali pasipotajwa, na mama akaanza kusali rozari kwa sauti kubwa kana kwamba anamjibu.

Tarehe 25 usiku Marcos akaondoka na familia yake. Mtaani watu wanapiga masufuria. Lakini mume wa yule mama alikuwa Mwilokano, mtu wa kwao Marcos. Alikaa nje gizani na jogoo wake wa kupiganisha mapajani, anampapasa manyoya. Mama alimpelekea kahawa, hawakusemezana, na asubuhi wakala mezani pamoja kama kawaida. Mimi nilikuwa upande wa mama, lakini picha niliyobaki nayo ni ya yule mzee.

Baharia wa Likoni

Mie sikusoma huko wala sikutumwa na serikali. Mie nimekula nao bahari, tangu 1989 hadi 2003, meli za mizigo. Wafilipino kumi na tano, Mhindi mmoja, na mie.

La kwanza: kopo. Bandari zote za Ulaya ukiingia msalani ni karatasi tu, mtu unatoka hujijui. Kwenye meli yenye Wafilipino utakuta kata ya plastiki yenye mkono mrefu, wanaiita tabo, na ndoo ya maji pembeni. Wallahi nilipoiona mara ya kwanza nilitaka kuikumbatia. Hao si wenzetu kwa dini, lakini kwa kopo ni ndugu.

La pili: chakula. Wali asubuhi, wali mchana, wali usiku. Wa asubuhi ni kiporo kilichokaangwa kwa kitunguu saumu, na samaki mkavu wa chumvi. Hilo sawa. Sasa siku moja mvua yanyesha, mpishi akapika uji wa mchele na kakao na sukari, mweusi kama lami, halafu pembeni akaweka yuleyule samaki wa chumvi! Wanaita champorado. Nikasema huyu leo kalewa. Nikaonja. Nikaongeza.

La tatu ndilo linaloniuma. Miaka hiyo simu ya mtandao hakuna, na kupiga simu bandarini ni mshahara. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na kaseti. Mtu hujifungia kabini, humzungumzia mkewe nusu saa, huwasemesha watoto mmoja mmoja kwa majina, amwambia huyu afunge daftari alale, amwuliza yule kama jino limeng'oka, kisha mwisho huimba. Kaseti hupelekwa na anayekwenda likizo. Na zao zikija, twazisikiliza sote: jogoo, mvua juu ya bati, mtoto analia nyuma. Nilikuwa nawajua watoto wa bosani, msimamizi wa mabaharia, kwa sauti kabla sijawaona hata picha. Waliniita kuya, yaani kaka mkubwa, nami nikaitika.

Nikishuka Manila hunipeleka barabara ya Kalaw, ubavuni mwa bustani ya Luneta. Pale mabaharia hukaa chini ya miti kutwa wakingoja mawakala wenye vibao vya kazi. Hakuna aliyeniuliza mie ni wa wapi. Waliuliza: cheo gani?

Mtoto wa Malindi, Unguja

Baharia, umenikumbusha mbali. Mie nilikuwa Muscat, Ruwi, tangu 1991, nikishona kwenye duka la mavazi. Chumba kimoja mimi na Wafilipina wawili.

Jamani, siku ya kwanza naingia jikoni nikaona mbuzi! Mbuzi ya kukunia nazi, kigoda na meno ya chuma, vilevile. Yule mmoja kaikalia anakuna, ananiambia kwao inaitwa kudkuran, kaibeba kwenye begi kutoka kwao. Nikamwambia ondoka hapo nikuoneshe. Tukashindana. Sitasema nani kashinda.

Kisha Disemba akapika bibingka. Unga wa mchele, tui, sukari, kwenye jani la mgomba, makaa chini na makaa juu. Si mkate wa kumimina huo? Umekosa iliki tu. Yeye akaweka yai la chumvi na jibini juu, hapo ndipo tulipoachana njia. Na adobo alinipikia ya kuku kwa ajili yangu, sufuria mbalimbali: siki, soya, kitunguu saumu, pilipili manga. Mwaka wa pili nikawa naipika mwenyewe.

Krismasi yao lakini! Tarehe mosi Septemba nyimbo zinaanza. Joto la Muscat unayeyuka, wao wanaimba Krismasi. Na lile boksi, balikbayan, limesimama pembeni ya kitanda miezi sita likijazwa: sabuni, losheni, nyama ya kopo, chokoleti, viatu vya watoto walivyopimiwa kwa uzi uliotumwa kwenye barua. Likijaa linafungwa gundi mpaka halionekani karatasi, linakwenda kwa meli. Chumba kikabaki kikubwa, nao wakawa wanyonge siku mbili tatu, hawapiki.

Mama Tamthilia

Mimi sijakanyaga huko hata kwa ndoto, ila tamthilia yao "The Promise" ilivyokuja kwenye televisheni zetu nilikuwa nafunga genge saa moja kabla. Yna na Angelo. Na yule Amor aliyekuwa mtumishi wa ndani akarudi tajiri kutoka Marekani kulipiza kisasi. Mtaani kwetu kuna Angelo wawili wa umri mmoja, na baba zao hawajui jina limetoka wapi.

Shemeji wa Winnipeg

Nimeoa Mfilipina, tunaishi Kanada, na huku Winnipeg wamejaa. Mke wangu amesoma uzi wote kwa tafsiri yangu na ana malalamiko. Yeye ni wa Cebu. Anasema "para po" na "bayad po" ni za Watagalog. Kwao ukitaka kushuka unasema "lugar lang", na hiyo "po" ya heshima hawanayo kabisa. Amesisitiza niliandike hilo kwanza.

Alizaliwa 1970. Ukitaka kumwona mtu mzima anakasirika kama mtoto, mtajie Voltes V, katuni ya Kijapani ya lile lijiroboti. Mwaka 1979 Marcos aliipiga marufuku vikiwa vimebaki vipindi vichache kuisha. Wanahistoria wana sababu zao za kumchukia Marcos, mke wangu ana hiyo. Mwaka huohuo ndipo kilipoanza Eat Bulaga!, kipindi cha mchana cha vichekesho na zawadi. Mabibi wa mtaa walikuwa wanapanga mlo kwa saa yake.

Halafu mambo ya Nora na Vilma. Nora Aunor alikuwa msichana aliyeuza maji ya kunywa kituo cha treni kabla ya kuwa nyota, mweusi kidogo, mfupi. Vilma Santos alianza kuigiza tangu mtoto. Nchi iligawanyika kama Simba na Yanga. Mama mkwe ni wa Nora, dada yake ni wa Vilma, na kuna Pasaka moja hawakupeana mkono.

Nyumbani tuna sungka, mbao yenye umbo la mtumbwi, mashimo saba kila upande na mawili makubwa ya kuwekea, simbi saba saba. Mimi nikaleta bao langu, mashimo 32, kete 64. Nikamwambia yako ni ya watoto. Tangu siku hiyo ananifunga sungka kila Jumapili, na bao amekataa kujifunza.

Kijana wa Mabibo

Na lile pambano la Ali na Frazier, Manila, 1975? Hakuna mwenye stori?

Shemeji wa Winnipeg

Oktoba mosi, ila ukumbi wa Araneta uko Quezon City, hapo ndani ya Manila Kuu. Lilipiganwa asubuhi ili Wamarekani walione usiku. Mke wangu alikuwa na miaka mitano, anakumbuka baba yake alivyorusha kiatu. Hajui kwa furaha au kwa hasira.

Sista Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Nilitumwa Quezon City kusoma, 1992 na 1993, miaka ya giza. Umeme ulikatika kwa muda wa saa nane, kumi, hata kumi na mbili kwa siku. Wao wanaita "brownout", wakati hakuna mwanga hata wa rangi hiyo. Mchana jenereta zinanguruma mji mzima, usiku tunajipepea na majirani nje mpaka alfajiri.

Na alfajiri anakuja mzee wa taho. Mti begani, ndoo mbili za bati zinaning'inia, anaita "tahoooo" kwa kuvuta. Ni soya laini kama maziwa ya mgando, ya moto, anamiminia shira ya sukari na punje za sago. Kwetu muuza kahawa hugonganisha vikombe. Huyu alikuwa na koo tu. Tulimpelekea vikombe vyetu tukiwa bado na kandambili.

Disemba, kuanzia tarehe 16 mpaka 24, misa inaanza saa kumi usiku. Watoto wanapita majumbani kuimba, wamepondaponda vizibo vya soda na kuvitunga kwenye waya kuwa kayamba, ngoma ni kopo la maziwa. Nilipowaona mara ya kwanza nilidhani ni wa Bukoba.

Mtoto wa Malindi, tafadhali, ule mkate: tui zito au jepesi?

Mtoto wa Malindi, Unguja

Zito, Sista. Na makaa ya juu yazidi ya chini.

Baharia wa Likoni

Naomba msaada kidogo hapa. Ninayo kaseti moja iliyobaki, bosani aliisahau kwangu tuliposhuka Rotterdam. Pande zote mbili zimejaa. Redio yangu ilikufa zamani na fundi wa Kongowea aniambia mkanda waweza kukatika. Kuna mtu Mombasa ana chombo kizima cha kuchezea kaseti?