Naomba ushauri: mzee ana Parkinson, nyayo zinamuwaka moto

Wakuu, heshima zenu. Mzee wangu ana Parkinson (ule ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemo), yuko kwenye dawa yake, levodopa, miaka sasa. Mtetemo umetulia, ila usiku nyayo zinamuwaka moto, hata shuka hataki limguse. Sukari hana. Kipimo cha umeme wa neva kimetoka safi, tukaambiwa ni uzee. Uzee gani huo? Kipimo hicho husoma neva nene. Nyuzi nyembamba za ngozini hakizioni, na Parkinson yenyewe huziharibu. Levodopa ya muda mrefu nayo inaweza kushusha vitamini B12, ambayo neva zinaihitaji.

Kuna aliyekatwa kile kinyama cha ngozi cha milimita 3 juu ya kifundo cha mguu, cha kupima hizo nyuzi nyembamba? Kwa Dar wanapima wapi? Na waliorekebishiwa B12, nyuzi ziliota tena, moto ukapungua?