Daktari Whitman alivuka Marekani kwa farasi wakati wa baridi, alikuwa anakimbilia nini?

mtoto_wa_Kariobangi: Wasee habari zenu. Nasoma kuhusu Marcus Whitman, daktari mmishonari, Oktoba 1842 anatoka kituo chake cha Waiilatpu huko Oregon anapanda farasi kuelekea mashariki, anaenda Boston, na baridi ndio hiyo inaingia. Kwani hangengoja theluji iishe? Kuna wanaosema alienda kuokoa Oregon isichukuliwe na Waingereza.

Msomi254: Hiyo ya kuokoa Oregon ilivumishwa miaka mingi baadaye, mmishonari mwenzake Spalding akiisukuma sana. Bodi ya misheni Boston ilikuwa imeamuru Waiilatpu ifungwe, na barua siku hizo zilikuwa zinachukua miezi na miezi, so akaamua kwenda kuwaeleza uso kwa uso. Na walibadilisha uamuzi.

baba_Shiku: Na safari yenyewe si mchezo. Alikuwa na mwenzake Asa Lovejoy, kutoka kituo cha biashara cha Fort Hall wakazunguka kusini mpaka mji wa Taos, halafu kituo kingine, Bent's Fort. Lovejoy aliandika venye walifika mto Grand, barafu imeganda kando huku na huku, katikati maji yanakimbia, kiongozi wa njia anasema haipitiki. Daktari akapanda farasi, akaambia wenzake wamsukume kutoka kwa barafu, akazama yeye na farasi wote, wakaibuka wakipigana na mkondo mpaka ng'ambo. Chakula kiliisha wakala mbwa, wakala hata nyumbu wao. Mimi huyu jamaa namheshimu kwa hilo.

Nyaboke_K: Ujasiri ni sawa baba Shiku, lakini tusiwasahau Wacayuse, kabila la wenyeji wa asili wenye ile ardhi. Mwaka 1843 Whitman alirudi na msafara wa watu karibu 1,000, na wahamiaji wakazidi kuja kila mwaka. 1847 ikaingia surua, ikaua karibu nusu ya Wacayuse wa hapo, huku watoto wa wazungu aliowatibu wengi wakipona. Sasa wewe ni mzazi umezika watoto, unaona hivyo, utafikiria nini? Na kwao mganga akifiwa na wagonjwa angeweza kulipa na maisha yake. Novemba 29 wakamuua Whitman, mkewe Narcissa na wengine, na wengine zaidi siku zilizofuata, jumla 13.

mtoto_wa_Kariobangi: Hiyo ya surua sikuijua kabisa. Na waliofanya hayo walishtakiwa?

Nyaboke_K: Wacayuse 5 walinyongwa Oregon City, Juni 1850. Wazao wao bado wanatafuta makaburi.