Tupeane uzoefu: serikali iendelee kuruhusu kubeti na kula kodi yake?

Mweka Hazina, Chang'ombe (mwanzisha mada)

Wakuu, habari zenu. Wiki za bajeti zikifika hapa Dodoma kila kijiwe kinazungumzia kodi, nami naomba tuzungumzie moja tu, ile inayotoka kwenye kamari. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Wengi wetu ni akina mama, na vijana wachache wa bodaboda. Daftari linasema mambo ambayo mtu hayasemi kwa mdomo. Mwanachama aliyekuwa akinunua hisa tano kila kikao anashuka tatu, kisha moja, kisha anamtuma mtoto na hela ya mfuko wa jamii tu. Ukifuatilia nyumbani hukuti mgonjwa wala msiba. Ni mikeka kwenye simu, yaani kubashiri mechi kadhaa kwa dau moja, au ni dubwi la dukani, ile mashine ya kamari ya sarafu.

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ni ya mwaka 2003, na Bodi inayoisimamia iko chini ya Wizara ya Fedha. Hapo ndipo ninapokwama. Anayetafuta mapato ndiye huyohuyo mlezi wa anayetoa leseni. Sidai kamari ipigwe marufuku. Nadai serikali iache kuihesabu kama shamba la mapato, na mashine zitoke kwenye maduka ya mitaani. Asiyekubali aseme pia, ila aseme aliyoyaona mwenyewe.

Duka Nkuhungu

Dada, mimi ninayo mashine dukani, nieleze inavyokwenda. Mwenye mashine anakuja na funguo, anafungua, tunahesabu sarafu za mia mbili pamoja, ananiachia fungu langu. Umeme wangu, ulinzi wangu. Kuna vipindi chenji haipatikani mtaa mzima, watu wanarudishiwa pipi, na sarafu zote zimelala ndani ya lile sanduku.

Bango la kukataza walio chini ya miaka 18 lipo. Lakini mtoto akitumwa sukari na mama yake, akabakiwa na mia mbili mkononi, mashine iko usawa wa macho yake na inawaka taa. Namfukuza. Nikigeuka kumpimia mteja mchele, kesharudi. Fungu lile linanisaidia kodi ya fremu, sitasema vinginevyo.

Boda Nane Nane

Mimi nasimama upande mwingine. Nilipiga mkeka ukatiki mechi zote, nikaondoka kwenye pikipiki ya mkataba nikanunua ya kwangu. Nilikuwa napeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, sasa nalala na hela yangu. Hakuna benki ingenipa mkopo ule, sina hati, sina mdhamini. Serikali ikate kodi yake, iniache na bahati yangu. Mbona bia inauzwa na inalipiwa kodi?

Mwalimu wa Hesabu, Kongwa

Hongera kaka, pikipiki ni pikipiki. Ila ngoja nikuonyeshe hesabu ninayowaonyesha vijana wangu wa kidato cha nne, maana hapa ndipo wengi wanapopigwa bila kujua.

Kampuni haikupi odi kamili, yaani ile namba inayozidishwa na dau lako ukishinda. Kwenye kila mechi inakata kidogo. Tuseme inakata shilingi 5 katika kila 100. Ukibeti mechi moja, mia yako ina thamani ya 95. Mbili, 95 inakatwa tena, unabaki na 90 na kidogo. Mkeka wa mechi 10, makato yanazidishana mpaka thamani ya mia inafika kama 60. Kwa hiyo elfu moja yako ni mia sita kabla refa hajapuliza filimbi, na kodi ya ushindi bado haijaguswa. Kampuni zinapenda mkeka mrefu kwa sababu hiyo, na zawadi kubwa za jakipoti zimewekwa kwenye mikeka mirefu kwa sababu hiyohiyo. Mwanafunzi aliyenielewa haraka kuliko wote alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa mahindi pale Kibaigwa. Aliniambia, "Mwalimu, huyu ni dalali anayekata kila gunia linapopita mlangoni."

Serikali ingeagiza hesabu hiyo ichapishwe juu ya kila mkeka, ningekuwa na neno jema la kuisemea.

Mtumishi, Mtumba

Naomba tuwe waangalifu. Kamari ya siri ilikuwepo kabla ya leseni, karata za vichochoroni zipo mpaka leo, na huko ukidhulumiwa huna pa kushtaki. Kampuni yenye leseni inalipa mshindi, inakaguliwa, inaajiri vijana. Mwaka 2021 Bunge lilishusha kodi ya ushindi wa kubashiri kutoka asilimia 20 hadi 15, likapandisha ile ya mapato ghafi ya kampuni kutoka 25 hadi 30, na nyongeza hiyo ikaelekezwa kwenye maendeleo ya michezo. Mzigo ulisogezwa kwa kampuni. AFCON ya 2027 inakuja Kenya, Uganda na kwetu, viwanja vinahitaji fedha. Mkiifuta kodi hii, mtaitafuta kwenye sukari na mafuta.

Mweka Hazina, Chang'ombe

Ndugu Mtumishi, hoja ya kamari ya siri naipokea, ndiyo maana sikusema ifungwe. Nyongeza ya mwaka 2021 siipokei kwa furaha unayoileta. Mapato ghafi ni dau lililobaki kwa kampuni baada ya washindi kulipwa, yaani ni hela ya walioliwa. Mpira ukipewa fungu la hela hiyo, basi mpira nao umepata sababu ya kutaka watu waliwe. Tazama jezi. Mwaka 2017 Simba na Yanga, wapinzani wasiokubaliana hata rangi ya kiti, zote mbili zilivaa kifuani kampuni ileile ya kubashiri. Mtoto wa darasa la nne akasoma jina hilo kabla hajui dau ni nini. Uganda angalau mwaka 2019 rais wao aliagiza leseni mpya zisitolewe. Sisi tunajadili asilimia.

Zabibu, Mpunguzi

Kwetu fedha inaingia kwa msimu. Zabibu ikilipwa, mkulima anashika kwa mkupuo hela ya kulisha nyumba miezi kadhaa. Kaka yangu ni mkulima mzuri, shamba lake wageni hupelekwa kulitazama. Msimu mmoja alilipwa kupitia simu, na fedha zikatoka kwa simu hiyohiyo bila mtu yeyote wa nyumbani kuona noti. Zamani mzee akinywa fedha ya zabibu kijiji kizima kilimwona kilabuni, na wazee walimwita wakamkalisha chini. Huyu alikuwa amekaa sebuleni na wanawe. Wifi alijua siku mwenye dawa za kunyunyizia alipokuja kudai. Wakaingia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa ya mitaani, na hapo ndipo shamba lilipowekwa rehani.

Kodi ya hela ile ilifika serikalini. Bwana shamba hakufika.

Mkondoa

Kwa sisi Waislamu jibu liko Surat al-Maida aya ya 90, kamari imetajwa pamoja na ulevi. Lakini nchi ni ya watu wote, sitaki kumlazimisha asiye wa dini yangu. Ninachouliza ni hiki: hela ikishachanganywa na hazina kuu, mimi niliyeikwepa maisha yangu yote nitaikwepaje ikija kama dawati la shule?

Mzazi, Area C

Mwanangu yuko chuo hapahapa mjini. Boom, hela ya mkopo wa wanafunzi, likiingia, nampigia siku hiyohiyo alipe kwanza chumba na chakula. Sifanyi hivyo kwa dada yake. Ni kindege, ule mchezo wa kamari wa kwenye simu.

Mzee wa Manyoni

Wanangu, Bahati Nasibu ya Taifa ilianza 1974, ya serikali yenyewe, nasi tulinunua tiketi. Kwa hiyo msiseme serikali imeingia kwenye bahati nasibu leo. Tofauti ninayoiona ni mwendo. Tiketi ilikaa mfukoni mpaka siku ya droo, na katikati ulikwenda shamba ukasahau. Hicho kindege wajukuu wananionyesha kinapaa na kupotea kabla sijavaa miwani, na kingine kinaanza. Kama Bunge linataka kufanya jambo moja tu, liweke muda kati ya dau na dau.

Mweka Hazina, Chang'ombe

Shikamoo mzee. Hilo la muda sikuwa nimelifikiria, nimeliandika.

Kaka wa Nkuhungu, nikuulize bila ubaya: ni nini kingekufanya uitoe hiyo mashine?

Duka Nkuhungu

Zitolewe zote siku moja. Nikitoa peke yangu, jirani anaichukua jioni hiyohiyo, na wateja wa unga na sabuni wanahamia kwake, maana anayesubiri zamu ya kucheza hununua na soda. Mtaa ukisema hapana kwa maduka yote, mimi nitakuwa wa kwanza kumpigia mwenye funguo.

Mweka Hazina, Chang'ombe

Basi nitalipeleka mkutano wa mtaa kwa maneno yako hayohayo. Wengine endeleeni, hasa mliowahi kukaa dirishani kwenye vibanda vya kubeti. Upande wenu bado sijausikia.