Nimfiche au nimpigie? Mama aliyenilea kaniuliza tumbo mbele ya wateja

fundi_ngamiani

Shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Mimi fundi cherehani, nipo Tanga, Ngamiani. Nashona madira na magauni ya sendofu. Hela ya kumlipa mwanamitindo sina, kwa hiyo nguo ikiisha naivaa mwenyewe, mdogo wangu ananipiga picha kwenye ukuta wa bluu wa jirani, naweka kwenye ukurasa wangu wa Facebook. Wateja wangu wengi ni kinamama wa makamo na wako huko.

Jumamosi nimeweka gauni la kitenge, kiuno kimebanwa, mikono ya puto. Kazi ya siku tatu. Komenti ya kwanza ni ya mama mmoja tuliyepanga naye nyumba moja nilipokuwa mdogo: "Mwanangu hongera, naona tumbo, mwezi wa ngapi?" Mpaka jioni watu 19 wamepanga foleni chini yake. Mmoja: "Hiyo si mimba, ni chipsi." Mwingine: "Ndoa mwaka wa 5, walishachelewa." Huyo simjui hata kidogo, lakini hesabu ya ndoa yangu anayo!

Sasa, mimba ilikuwepo. Ilitoka ikiwa na miezi minne, wiki sita zilizopita. Tumbo wanalolipongeza ndilo lililobaki. Anajua mume wangu na mama yangu, basi.

Nilitaka kufuta, mkono ukagoma. Mama huyu ndiye aliyekuwa akininywesha uji, mama yangu akiwa ameshawahi sokoni Mgandini. Nikimfuta ataona, na kwa huku kwetu "fulani kanifuta" litafika kwa mama kabla ya adhuhuri. Nikimjibu nitalia. Mngefanyaje?

bajaji_88

Mkianika miili mitandaoni mnategemea nini? Tundika gauni kwenye hanga, upige picha, yaishe.

fundi_ngamiani

Kaka, Ramadhani nilitundika madira sita. Likanunuliwa moja, na aliyenunua ni wifi yangu. Mteja anataka aone kitambaa kinavyolala kwenye nyonga. Nimeweka gauni waulize bei, sijaweka tumbo.

mhasibu_moro

Pole sana dada. Usiwaweke kapu moja hao watu. Wa chipsi na wa ndoa, bloku bila salamu. Kwa mama, usibonyeze Futa, bonyeza Ficha. Ukificha, yeye ataendelea kuiona komenti yake kama kawaida, na marafiki zake wataiona, ila wengine haitawatokea. Yaani mashoga zake wa mtaani bado watasoma, hapo sikudanganyi. Halafu kwenye mipangilio ya ukurasa kuna mahali pa kuandika maneno ya kuzuia. Andika mimba, mjamzito, kitambi, chipsi, tumbo. Weka na yale yaliyokosewa, "mjamzto", maana watu wanaandika huku wanakula.

fundi_ngamiani

Asante. Ila "tumbo" siwezi kulizuia, nusu ya wateja wangu swali lao la kwanza ni "hili linaficha tumbo?"

karani_mstaafu

Binti, ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23. Faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Lakini sheria inataka mtumaji awe na nia ya kutisha, kusumbua au kumuumiza mtu moyo. Mama wa uji hana nia hiyo, usimpeleke mbali. Huyo wa ndoa, chukua picha ya skrini kabla hujambloku. Akirudi kwa jina jingine utakuwa na pa kuanzia.

mama_wawili_pongwe

Mimi nimeshawahi kuwa huyo mama, acha niseme. Nilimuuliza mtoto wa dada yangu "vipi, bado?" chini ya picha yake ya Idi. Alikaa mwaka hakanyagi kwangu, na mimi nikawa namsema ana majivuno. Sisi tumezoea kuulizana hayo jikoni, mnakuna nazi, wawili tu, sauti ya chini. Simu tunaishika mkononi tunaona ni jiko lile lile. Hatuoni walioko mlangoni. Mpigie. Usimwambie kakosea, mwambie kilichokupata, la kukosea ataliona mwenyewe.

bajaji_88

Dada nimerudia kusoma. Hapo kwenye wiki sita nilipitiliza. Pole, nisamehe.

fundi_ngamiani

Yameisha bajaji.

Mrejesho: nilimpigia juzi baada ya magharibi. Nilisema sentensi moja tu, sauti ikakatika. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akauliza nimekandwa na nani. Nikamwambia sijakandwa. Akakata simu, na baada ya nusu saa yuko mlangoni na chupa ya uji wa pilipili manga na khanga kukuu begani, ananigombeza kwa nini nakaa sakafuni.

Komenti hakujua kuitoa, akampa mjukuu simu. Kumbe ikifutwa ya juu na zile za chini yake zinakwenda nayo, wa chipsi kaondoka humo humo. Jana akaandika upya: "Gauni zuri, bei gani?" Nikajua ananisafishia ukurasa, nikamjibu 45,000.

Leo kaja kupimwa. Anataka kwa 30,000, na mikono ya puto hiyo hiyo.