Nahamia Dar na familia, nijiulize nini kabla sijaanza kuzunguka na dalali?

mgeni_wa_ziwani

Habari zenu wadau. Nimepata uhamisho wa kikazi kutoka Mwanza kuja Dar, ofisi iko Posta katikati ya mji, natakiwa kuripoti mwanzoni mwa mwezi ujao. Nina mke, mtoto wa darasa la pili, mwingine bado ananyonya, na mdogo wangu wa kike ambaye anatusaidia nyumbani. Bajeti ya kodi ni laki tatu kwa mwezi, nikijikamua sana tatu na nusu.

Nimeshaanza kutumiwa mapicha na madalali huko WhatsApp, kila nyumba "ipo barabarani kabisa", kila nyumba "maji masaa 24", mpaka kichwa kinauma. Waifu anataka fensi na jiko la ndani, mimi nataka karibu na kazi, na ukweli hatujakaa chini tukaelewana. Kwa hiyo sitafuti nyumba hapa, madalali naomba msijae inboksi. Nataka yale maswali ambayo mtu unatakiwa ujiulize wewe na familia yako KABLA ya kuanza kuzunguka. Wenyeji nifungueni macho.

kibarua_wa_posta

Swali la kwanza: una milioni mbili na ushee keshi? Kama huna, hayo mengine yasubiri.

mgeni_wa_ziwani

Mbona milioni mbili tena mkuu, si nimesema laki tatu?

kibarua_wa_posta

Laki tatu ndo ya kwenye tangazo. Mwenye nyumba wa Dar anataka miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima, ukipata wa miezi mitatu shukuru na usimtangaze. Sita mara laki tatu ni 1,800,000, dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja nayo laki tatu, tayari 2,100,000 na hujabeba hata godoro. Bado kirikuu (kigari cha mizigo) ya kubeba vyombo, bado pazia, bado simtanki kama hamna, na bado hela ndogo ndogo za kuonyeshwa nyumba ambazo kila dalali anakuomba hata kama nyumba yenyewe mmeikuta imeshachukuliwa.

Alafu kuna swali watu wanalikimbia: miezi sita ikiisha, hiyo 1,800,000 nyingine itatoka wapi? Mshahara unakuja kwa mwezi, kodi inakuja kwa nusu mwaka. Watu wengi wanaohamahama hapa mjini sio kwamba nyumba zimewachosha, ni mwezi wa saba umefika na mfukoni kuna kodi ya mwezi mmoja tu.

mzee_wa_boma

Laki tatu kwa mwezi kwa miaka mitano ni milioni 18. Nunua kiwanja Chanika uanze kujenga mdogo mdogo, achana na kutajirisha watu.

kibarua_wa_posta

@mzee_wa_boma jamaa anaripoti mwezi ujao, alale na mtoto mchanga kwenye boma? Kila uzi wa kupanga lazima mje na viwanja.

shemeji_wa_kimara

Mimi ningeanza na asubuhi yako. Sio umbali kwenye ramani, asubuhi. Kaa na mkeo mjiulize, unatakiwa uwe ofisini saa ngapi, na uko tayari kuamka saa ngapi kila siku kwa miaka miwili mitatu, maana Dar kuna mtu anakaa kilomita 12 kutoka Posta na anatumia muda mrefu kuliko wa kilomita 20, inategemea uko kwenye barabara gani na unabadilisha gari mara ngapi. Kimara kwa mfano tuna mabasi ya mwendokasi toka 2016, unapanda Kimara unashukia Kivukoni gari moja, hapo ni sawa, lakini saa kumi na mbili na nusu asubuhi pale kituoni watu wanaingilia mpaka dirishani na wewe na shati lako la ofisi uamue kama unaingia au unasubiri la nyuma. Na mvua kubwa ikipiga bonde la Jangwani likijaa maji barabara inafungwa, mabasi yanaishia Magomeni huko, siku hiyo bosi hataki kusikia habari za mto Msimbazi.

Kingine, ukiambiwa nyumba ipo Kimara, uliza kutoka kituoni mpaka getini ni nini. Miguu, bajaji au boda? Na usiku je? Maana kuna "Kimara" ambayo ukishuka kituoni unapanda boda dakika kumi na tano unashuka mabonde unapanda milima, na hiyo boda haipo kwenye kodi. Tuseme njia nzima na boda unatumia buku tatu zaidi kwa siku kuliko ungekaa karibu, siku 26 za kazi ni 78,000. Nyumba ya laki mbili na nusu imekuwa 328,000 hapo na bado unafika umelowa jasho.

mtu_wa_ng'ambo

Mbona Kigamboni hamuitaji? Kwa mtu wa Posta ni karibu kuliko Kimara na Tabata, unashuka Kigamboni Ferry unapanda pantoni kwa shilingi mia mbili unatokea Kivukoni, ofisini unaenda kwa mguu. Laki tatu huku anapata nyumba yenye hewa, sio vichumba vya kupumuliana.

shemeji_wa_kimara

@mtu_wa_ng'ambo malizia basi, pantoni likiharibika moja asubuhi ya Jumatatu ile foleni ya watu inakuwaje? Na mwenye gari akienda kuzunguka darajani kuna tozo.

mtu_wa_ng'ambo

Foleni ipo, sibishi. Ila na wewe umekiri mnapita madirishani. Kila mtu achague shida yake.

mama_wawili_tabata

Hapo juu wanaume mmeongea nauli tu 😂 Kaka mgeni, mwenye kukaa na hiyo nyumba mchana kutwa ni mkeo na mdogo wako, wewe unaenda kulala. Maswali yao ndo makubwa.

La kwanza maji. Usiulize "maji yapo?", hakuna dalali atakwambia hayapo. Jiulizeni nyie mnatumia ndoo ngapi kwa siku na mtoto mchanga ndani, alafu mkienda kuangalia uliza maji ya bomba ya DAWASA yanatoka siku gani na saa ngapi, simtanki ni ya nani na ina lita ngapi, na yasipotoka mnafanyaje. Visima vingi huku vina chumvi, nguo zinakakamaa na sabuni haitoi povu, sasa kama mnanunua ya kunywa kando na ya boza kando hiyo nayo ni kodi. Muulize mpangaji wa ndani, sio mwenye nyumba. Mkute anafua, umuulize tu kama mnapiga stori.

La pili LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na hili wengi hawalijui. Je, mita ni yenu peke yenu au mnachangia? Mteja mdogo anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi yuko kwenye bei ya shilingi 100 kwa uniti, ukiweka na kodi ni kama 122. Akizidisha anapelekwa bei ya kawaida ya 292, na kodi zake inafika kama 356. Sasa nyumba ina wapangaji wanne mita moja, mtapitisha 75 hata kama wewe una taa mbili na feni, mnakuwa mnanunua umeme karibu mara tatu kwa sababu ya friji na pasi ya jirani. Bado ule ugomvi wa kila wiki, nani hajatoa mchango, nani anachemshia maji ya kuoga kwa hita. Mimi nyumba ya kuchangia mita hata iwe na fensi ya dhahabu siingii.

La tatu ndo litakaloleta maneno: mtakuwa watu wangapi, na ndugu wakija? Umesema mko watano. Wapo wenye nyumba wanakaa humo humo ndani ya fensi, wanahesabu vichwa, mama mkwe akija kuona mjukuu akikaa wiki tatu unaitwa kuulizwa "huyu anaondoka lini". Geti linafungwa saa nne usiku. Mkaa marufuku, ati unachafua dari. Mkeo akitaka kupika maandazi ya kuuza asubuhi, marufuku. Yanaonekana madogo ila ukishalipa miezi sita huna pa kukimbilia. Kwa hiyo ongeeni sasa hivi, dada analala wapi? Sebuleni kwa miaka miwili? Kama hapana basi nyinyi mnatafuta vyumba vitatu, sio viwili na sebule, na hapo laki tatu yako inabadilisha eneo lenyewe.

mgeni_wa_ziwani

Dah dada hili la mdogo wangu sikuwa nimeliwaza kabisa, nimemsomea waifu hapa amenyamaza alafu akasema "si nilikwambia". Na LUKU nilijua ni moja nchi nzima bei ileile.

dalali_wa_mchana

Naomba niseme kama dalali, nisipigwe mawe.

Mteja akinipigia akasema "nataka nyumba nzuri, bei ya kawaida, sehemu iliyotulia", mimi nampeleka kwanza kwenye zile ambazo zimekaa muda mrefu hazina mtu. Sio roho mbaya, ni kazi, zile nzuri nina wateja watano wanazisubiri na wanajua wanachotaka. Mteja akiniambia vyumba vitatu, LUKU yake, isizidi dakika kumi kwa mguu toka kituoni, mwenye nyumba asikae humo, laki tatu na nusu mwisho, miezi sita ipo mkononi, huyo simzungushi, nikimzungusha ananiacha anaenda kwa mwingine. Kwa hiyo hayo maswali mnayompa yanasaidia hata sisi.

Ila andika mambo mawili tu ambayo hutakubali hata iweje. Mawili. Ukiwa nayo kumi utatembea mpaka soli iishe, kwa laki tatu huwezi kupata yote na mtu akikwambia anayo yote muogope huyo.

Na jiulize kama una uvumilivu wa kurudi kuiona nyumba mara ya pili. Watu wanaenda Jumamosi mchana jua linawaka, kila kitu kinang'aa, wanalipa. Rudi Ijumaa usiku usikie baa ya nyuma. Au nenda baada ya mvua. Masika inaanza Machi mpaka Mei, vuli Oktoba mpaka Desemba, kama unatafuta mwezi mkavu basi angalia kuta. Ukiona rangi mpya imepigwa chini tu mpaka usawa wa kiuno, juu rangi ya zamani, alafu soketi zimepandishwa juu kuliko kawaida na mlangoni kuna kikuta cha kuruka, maji yanaingia humo bwana, hata mwenye nyumba aape. Nimepeleka wateja kwenye nyumba kama hizo, na anayeuliza namwambia. Asiyeuliza ndo huyo.

kibarua_wa_posta

Hii ya rangi ya kiunoni 🔥 Leo dalali kaongea ukweli, tuweke kumbukumbu.

mama_wawili_tabata

"Asiyeuliza ndo huyo" 😂😂 mtaingia mbinguni kweli nyie?

shemeji_wa_kimara

Niongezee na la kutapeliwa, kuna watu wanapanga nyumba mwezi mmoja, wanajifanya ndo wenyewe, wanawapangisha watu watano nyumba hiyohiyo wanapokea kodi za miezi sita sita wanapotea, siku ya kuhamia makirikuu matano yanakutana getini. Kwa hiyo kabla ya hela jiulize nani mwingine zaidi ya huyu aliyeshika funguo amekuthibitishia nyumba ni ya nani. Pita kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, uliza majirani wawili watatu kila mmoja kivyake, na mkataba uandikwe jina lilelile la akaunti unayolipia. Akitaka umtumie kwenye namba ya shemeji yake, hapana.

Na kwenye mkataba ujue nani anatengeneza vitu vikiharibika, na kodi ikipanda unaambiwa mapema kiasi gani. Usione aibu kuuliza.

mgeni_wa_ziwani

Tumekaa na waifu jana usiku. Mawili yetu ambayo hatuachi: LUKU ya peke yetu, na dada awe na chumba chake. Fensi ameiachia mwenyewe, mimi nimeachia "karibu na kazi" ila nimesema gari ziwe moja, mbili mwisho. Gari yangu mwenyewe sina. Miezi sita ninayo ila nikilipa yote nabaki na kidogo sana, kwa hiyo nafikiria nitangulie peke yangu nikae kwa rafiki mwezi mmoja nizunguke taratibu, wao wabaki Mwanza. Mnaonaje?

kibarua_wa_posta

Safi sana. Kwa rafiki wiki mbili za kwanza utakuwa mgeni, baada ya hapo nunua mchele.

mama_wawili_tabata

Tangulia, ila usikae sana, kuna mtoto wa darasa la pili hapo. Umeshaongea na mwalimu mkuu wa Mwanza kuhusu uhamisho? Ningekuwa mimi ningetafuta shule kwanza kwenye maeneo mawili matatu ambayo yanakufaa kwa usafiri, niulize kama darasa la pili wana nafasi, alafu nyumba niitafute kuizunguka hiyo shule, mtoto aende kwa mguu bila kuvuka barabara kubwa. Ukipata nyumba kwanza unajikuta unalipa gari la shule kila mwezi na mtoto anaamshwa saa kumi na moja alfajiri. Muulize na dalali wa mchana hapo juu, maeneo yake kuna shule gani.

dalali_wa_mchana

Zipo. Karibu inboksi, kama umeruhusu.