Peru na watoto, mwezi wa saba

Mama Imran: Shikamooni. Ratiba yangu: Lima usiku mmoja, asubuhi ndege ya Cusco, tunalala Cusco siku 3, kisha Machu Picchu, ule mji wa kale wa mlimani. Imran miaka 6, Nasra miaka 2. Nikosoeni kabla sijalipa.

Mjomba Salim: Marahaba mwanangu. Cusco usianze nayo. Iko mita 3,400 na Lima iko pwani. Ndege ni kama saa moja na nusu tu, mwili haujazoea hewa nyepesi ya juu, na hapo ndipo ugonjwa wa mwinuko huanza: kichwa kuuma na kutapika. Mkishuka uwanjani pandeni gari moja kwa moja hadi Ollantaytambo, mita 2,800 hivi, mwendo wa kama saa mbili. Laleni hapo siku 3. Treni ya Machu Picchu inapita hapo hapo. Cusco iwekeni mwisho.

Shangazi Rukia: Fuata hiyo. Machu Picchu yenyewe ni 2,430 tu. Panapowatesa watoto ni Cusco.

Mama Imran: Shangazi, Nasra hajui kusema kichwa kinamuuma. Nitajuaje?

Shangazi Rukia: Mwangalie kula, kucheza na kulala. Akikataa chakula anachokipenda, akaacha mchezo, akalia bila kubembelezeka, akatapika, mhesabu ni mwinuko mpaka ijulikane vingine. Ila barabara ya kutoka Cusco ina kona nyingi, kwa hiyo huenda akatapika kwa gari tu. Ya gari hupoa muda mfupi baada ya kusimama. Ya mwinuko huja saa kadhaa baada ya kufika, na usiku huzidi.

Shangazi Rukia: Ikizidi msingoje kuche, mteremsheni. Mita 500 tu zinasaidia. Akihema kwa shida naye ametulia, au akipepesuka anapotembea, hospitali papo hapo.

Shangazi Rukia: Acetazolamide, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, mwulize daktari kabla ya safari, dozi yake huenda kwa kilo. Chai ya koka, majani yanayotengenezewa kokeini, hoteli nyingi wanaikaribisha. Watoto wasipewe, na majani yake msirudi nayo, nchi nyingi ni haramu.

Mama Imran: Sawa shangazi. Kigari cha Nasra je?

Halima: Kiache wifi, Machu Picchu hakiingii. Chukua mbeleko, umbebe mgongoni. Ngazi za pale ni mawe yasiyolingana kimo, ukimweka kifuani huoni unapokanyaga. Na wapelekwe chooni kabla ya geti, ndani hakuna choo. Wale washibe nje vilevile.

Mjomba Salim: Tiketi nunueni sasa, mwezi wa saba zinaisha mapema. Kila tiketi ina mzunguko wake, yaani njia mtakayopita ndani. Mzunguko wa 2 unapita katikati ya mji wa kale na una ngazi nyingi. Wa 3 uko chini, mwepesi zaidi. Kwa Nasra ningechukua wa 3. Namba ya pasipoti kwenye tiketi lazima iwe ile mtakayoonyesha getini, kwa hiyo kama ya Imran inakaribia kuisha, ibadilisheni kwanza ndipo mnunue.

Mama Imran: Ya Imran inaisha mwezi wa tisa!

Mjomba Salim: Basi anza na hiyo kesho. Nchi nyingi zinataka ibaki na miezi 6.

Halima: Nguo: mchana jua kali la kuunguza, usiku baridi inakaribia sifuri. Sweta, kofia ya sufu, soksi nzito, kofia pana ya jua na losheni. Maji ya bomba wasinywe, hata ya kusukutulia meno. Dola zenu ziwe safi. Noti ikiwa na mchaniko mdogo tu pembeni, wanairudisha.

Mama Imran: Baba yao anataka siku 2 msitu wa Amazon, mji wa Puerto Maldonado.

Shangazi Rukia: Basi wote wachanjwe homa ya manjano, angalau siku 10 kabla. Na hata msipokwenda msituni, kadi ya njano ya chanjo hiyo bebeni: Peru imo kwenye orodha ya nchi zenye homa hiyo, mkirudi Dar mtaulizwa, kuanzia mtoto wa mwaka mmoja. Nasra amechanjwa?

Mama Imran: Bado.

Shangazi Rukia: Mpeleke wiki hii, na kadi iandikwe jina kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi.